Kufundisha Mifupa na Viungo kwa Kucheza Ngoma: Mwongozo kwa Mwalimu Mwenye Wachezaji wa Kila Namna

Mwambie mchezaji mzoefu wa chakacha aonyeshe kwa kidole mahali paja linapoungana na kiwiliwili. Mara nyingi kidole kitatua kwenye ule mfupa wa juu unaoshika mkanda wa suruali, au ubavuni kabisa mwa paja. Kiungo chenyewe hakipo huko kote. Kimejificha ndani ya kinena, katikati ya ule mkunjo unaotokea mtu akikaa. Anakizungusha usiku kucha harusini na hajui kilipo.

Wapo watakaosema kwamba anacheza vizuri hata hivyo, basi mwache. Mimi siafiki. Anayedhani nyonga yake iko juu kwenye mkanda atatafuta mzunguko kiunoni, na pingili za kiunoni hazikuumbwa kwa kuzunguka. Maumivu ya mgongo yanaweza kuanzia hapo. Na siku akija kundini mchezaji wa kiti mwendo, au mwenye mguu mmoja, au asiyeona, mwalimu anayejua umbo la nje pekee hana cha kumpa. "Panua miguu, kunja magoti" ni umbo, na asiye na mguu hana pa kuingilia. "Tafuta unapobebea uzito wako, kisha uhamishe" ni kazi ya mwili, na kila aliyefika anaweza kuifanya kwa namna yake. Mwongozo huu wote unasimama hapo: fundisha kazi ya kiungo, umbo litakuja lenyewe na litakuja tofauti kwa kila mtu.

Nimeuandika kwa ajili ya walimu wa vikundi vya ngoma, walimu wa shule na wakufunzi wa vituo vya vijana. Huhitaji kuwa tabibu. Unahitaji kuwa tayari kujifunza mifupa michache vizuri kuliko kukariri yote 206.

Kabla wachezaji hawajafika

Tafuta kanga mbili kwa kila wachezaji wawili, chaki, mti wa ufagio, viti vigumu visivyo na mikono, na vikombe viwili vya maharage makavu. Kisha nenda bucha. Mwombe muuzaji akuachie mguu mzima wa nyuma wa mbuzi bila kuutenganisha na fupanyonga, yaani kile kiungo cha juu kabisa kisipigwe shoka. Chemsha, bandua nyama (supu ni yenu), ukaushe mifupa juani. Utapata kichwa cha fupa la paja, kile kirungu cha mviringo, pamoja na kikombe kinachokipokea. Kwenye kichwa hicho patafute pale panapong'aa: hilo ni gegedu, utelezi unaouwezesha mfupa kusugua mfupa bila kulika. Hakuna picha ya ukutani inayofundisha kama hicho kirungu kikiwa mkononi mwa mtu, na kwa mchezaji asiyeona ndiyo picha pekee yenye maana.

Nunua pia miguu michache ya kuku, mibichi, iliyokatwa juu ya kifundo. Kwenye mkato utaona nyuzi nyeupe. Hizo ni kano. Vuta moja, vidole vinajikunja. Vuta ya upande wa pili, vinanyooka. Watoto watacheka na watu wazima watanyamaza wakitazama mikono yao wenyewe, kwa sababu vidole vya binadamu navyo huvutwa hivyo hivyo na misuli iliyo mbali, huku juu karibu na kiwiko. Mwambie kila mtu ashike mkono wake chini kidogo ya kiwiko, kisha apige vidole kama anayepiga tari. Atasikia msuli ukicheza chini ya kiganja.

Ukiwa na chati ya mifupa, ifungie kabatini kwa wiki mbili za kwanza. Chati ikitangulia, wachezaji hujifunza kusoma chati.

Kagua ukumbi. Kiti mwendo kinapita mlangoni? Choo kinafikika? Sakafu ni saruji tupu? Basi kuruka kutapunguzwa. Mnacheza uwanjani? Wenye ualbino wapewe kivuli, au kipindi kihamie asubuhi mapema au jioni, maana ngozi na macho yao huumizwa na jua la mchana. Nao wengi huona kwa shida kwa mbali, kwa hiyo wakae karibu na wewe.

Mazungumzo ya faragha

Kaa na kila mchezaji pembeni kwa dakika chache. Zungumza naye mwenyewe, si na aliyemsukuma kiti wala mama aliyemleta, hata kama anaongea kwa taabu. Muulize mwili wake unafanya nini vizuri. Muulize kama kuna mahali asipohisi mguso, mahali panapouma, na mwendo ambao daktari amemkataza. Muulize pia angependa hali yake itajwe kwa maneno gani. "Una ugonjwa gani?" mbele ya kundi ni swali la kumfukuza mtu.

Kuna mambo mwalimu lazima ayajue kabla ya muziki kuanza. Baadhi ya watu wenye sindromu ya Down wana kiungo kilicholegea kati ya pingili mbili za kwanza za shingo, kwa hiyo usiwape kuzungusha kichwa kwa kasi, kusimama kwa kichwa wala kubinuka hadi daktari aruhusu. Mwenye mtindio wa ubongo mara nyingi huwa na misuli inayokaza zaidi ikivutwa ghafla. Mwendo wake uingiliwe polepole, na muda wa kulegeza uwe mrefu. Aliyeumia uti wa mgongo huenda hahisi makalio wala miguu, na ngozi ikibanwa muda mrefu hutoboka vidonda bila yeye kujua. Kila robo saa au nusu saa ainame mbele au aegemee upande kuondoa uzito. Iingize ndani ya kipindi chenyewe, kila mtu ainame, isiwe jambo la mtu mmoja. Jeraha likiwa juu, usawa wa kifua cha juu au shingo, maumivu makali ya kichwa ya ghafla pamoja na jasho na uso kuiva ni dharura: akae wima, legeza kila kinachombana, mkague kama mrija wa mkojo aliowekewa, ikiwa anao, umejikunja, na apelekwe hospitali.

Ganzi, vichomi vya kushuka mguuni au mkononi, kizunguzungu: mtu yeyote akivipata, anaacha. Hakuna kujikaza.

Kuhusu kugusana

Somo hili linataka mikono, na mikono inataka ruhusa. Kanuni yangu ni kwamba mtu hujigusa mwenyewe kwanza. Baada ya hapo anayetaka kusaidiwa huomba. Anayegusa anasema ataweka wapi mkono kabla ya kuuweka, na anatumia kiganja kilicho bapa. Ukanda wa pwani, na si pwani tu, wengi hawatapenda wanawake na wanaume waguse nyonga za wenzao. Panga jozi za jinsia moja bila kusubiri mtu alalamike, au tumia kanga: aliyeishika ncha anahisi mwendo wa mwenzake bila kumgusa kabisa. Watoto wasishikwe kinena wala fupa la kukalia na mtu yeyote, wajitafutie wenyewe. Na kiti mwendo ni sehemu ya mwili wa mwenye nacho. Hakiegemewi wala hakisukumwi bila kuomba.

Mwendo wa kipindi

Kipindi cha saa moja na nusu kinatosha kiungo kimoja tu. Anza kwa kucheza ngoma ambayo kundi tayari linaijua, kwa dakika 15, bila maelezo. Zima ngoma. Uliza: "Umefanyia wapi?" Acha wabishane. Kisha watafute kwa mikono kiungo kilichofanya kazi, dakika 30 au zaidi, hapa usiwe na haraka. Baada ya kukipata ndipo unakitaja jina na kuonyesha mfupa wa mbuzi. Halafu ngoma ile ile irudi, na utaona imebadilika kabla hujasahihisha chochote.

Mpangilio huu una sababu. Jina linalokuja baada ya hisia hukaa. Linalokuja kabla hubaki kwenye daftari.

Nyonga

Anza na nyonga, kwa sababu ngoma zetu nyingi zinaishi hapo, na kwa sababu ndipo kosa ni kubwa zaidi.

Kila mtu akae ukingoni mwa kiti; wa viti mwendo wako tayari. Kidole kiwekwe katikati ya mkunjo wa kinena. Inua goti kidogo, shusha. Mkunjo unazama na kukaza chini ya kidole: hapo kwa ndani ndipo kichwa cha fupa la paja kinapokaa katika kikombe chake, kama mchi ndani ya kinu. Asiyeweza kuinua goti ainamishe kiwiliwili mbele na kurudi. Kiungo ni kile kile na mkunjo ni ule ule, ila safari hii kinachosogea ni fupanyonga juu ya paja. Waambie na wengine wafanye vyote viwili. Wengi hawajawahi kufikiri kwamba nyonga inaweza kuchezwa kutoka juu.

Sasa wanaosimama wasimame kwa mguu mmoja wakishika ukuta, mkono ubavuni mwa paja la mguu mwingine, wazungushe mguu huo ndani na nje. Chini ya kiganja kuna nundu ngumu inayobingirika. Hiyo ni sehemu ya fupa la paja inayojitokeza nje, na wengi walidhani ndiyo nyonga. Juu yake, kwenye mkanda, upo ukingo wa fupanyonga, nao hausogei mguu ukizungushwa. Kwa hiyo mna alama tatu: ukingo juu, nundu pembeni, kiungo ndani.

Leta kanga. Ya kwanza ifungwe kwenye ukingo wa juu, ya pili chini kwenye usawa wa nundu. Wanawake wanaocheza chakacha hufunga leso chini hivyo hivyo, na sasa kundi litaona faida yake: kanga ya chini ndiyo inayoonyesha ukweli. Piga mdundo wa polepole, mzungushe. Mara ya kwanza magoti yakiwa yamenyooka kabisa. Ni vigumu, kifua kinayumba, mgongo unabanwa. Mara ya pili magoti yalegee. Fupanyonga linateleza bila shida, kifua kinatulia.

Waulize kwa nini. Jibu: mguu ulionyooka kabisa una urefu mmoja, kwa hiyo fupanyonga halina nafasi ya kushuka upande mmoja na kupanda mwingine. Goti likikunjika kidogo, mguu huo unafupika, mwingine unarefuka, na vichwa viwili vya mapaja vinapata nafasi ya kuzunguka. Tazama Sindimba ya Wamakonde: magoti yamekunjwa, kiwiliwili kimeinama mbele, ndipo kiuno kinakwenda kwa kasi ile. Mkao huo si urembo. Bila huo kasi haipatikani.

Na aliye kwenye kiti? Nyayo zake ni mifupa miwili ya kukalia. Akae juu ya viganja vyake mwenyewe kidogo, kama anahisi, aitambue. Kisha ahamishe uzito: kulia, mbele, kushoto, nyuma. Tayari anachora mduara wa chakacha, na fupanyonga lake linabingirika juu ya kiti vile vile linavyobingirika juu ya mapaja ya wengine. Kama misuli ya kiwiliwili chake haishiki huko chini, anaanzisha mduara kutoka mbavuni, au mikono ikisukuma magurudumu kwa zamu, moja mbele moja nyuma, kiti chenyewe kinakuwa fupanyonga. Waache wachezaji wanaosimama wauige mduara huo. Wataona haraka kwamba si rahisi.

Pitisha mfupa wa mbuzi mikononi. Mtu azungushe kirungu ndani ya kikombe kila upande na atafute kinapogota. Kinapogota ni mfupa kukutana na mfupa, na hapo hakuna mazoezi yatakayosaidia. Vikombe vya watu hutofautiana kina na uelekeo, ndiyo maana yupo anayefungua miguu kwa urahisi tangu utotoni na yupo ambaye hatafungua hata akinyooshwa mwaka mzima. Mwalimu anayemkalia mwanafunzi mgongoni ili "afunguke" anavuta gegedu na kano, mfupa haubadiliki.

Kuinama

Bugobogobo ya Wasukuma, ile ya majembe, inafaa sana kwa wiki ya tatu, kwa sababu inaendelea na nyonga ile ile. Mweke mchezaji mti wa ufagio mgongoni, uguse kisogo, katikati ya mabega na lile fupa pana la chini ya mgongo. Ainame kana kwamba anapiga jembe. Mti ukibaki unagusa sehemu zote tatu, ameinama kwa nyonga. Mti ukiachana na fupa la chini, ameukunja mgongo. Wanaobaki na mti lakini wanakwama mapema wana misuli mifupi ya nyuma ya paja. Walegeze magoti, wataenda chini zaidi. Aliyekaa anafanya zoezi hili bila kubadilisha neno, ila akiwa hana nguvu za kiwiliwili mwenzake akae mbele yake, na mkono mmoja ubaki kwenye paja au gurudumu.

Kukunja mgongo si dhambi, ngoma nyingine zinautaka. Jambo ni kuchagua.

Uti wa mgongo

Pingili zinazosogea ni 24: saba za shingo, 12 za kifuani zinazobeba mbavu, tano za kiunoni. Chini yake tano zimeungana kuwa fupa moja, na mwisho kabisa kuna kitokono. Zitafutwe kwa vidole, mtu na mwenzake, kuanzia lile jiwe linalojitokeza chini ya shingo mtu akiinamisha kichwa, kushuka moja moja. Mwenye kuguswa ajikunje pingili iliyoguswa tu, polepole. Wasioona huwa mbele ya wote hapa. Wape kazi ya kuongoza wengine.

Halafu kuzunguka. Wanaosimama wageuke kuangalia nyuma bila kuhamisha nyayo, na wengi watafika mbali. Sasa wote wakae, mifupa yote miwili ya kukalia ibaki imebana kiti. Ghafla safari inakuwa fupi. Kilichopungua ni magoti na nyonga, ambavyo vilikuwa vinaiba kazi. Kinachobaki ndicho mzunguko halisi wa uti wa mgongo: kifuani karibu nyuzi 30 na zaidi kila upande, kiunoni nyuzi chache tu, kwa sababu vijiungio vya nyuma vya pingili za kiunoni vimesimama kiasi cha kuzuia mzunguko na kuruhusu kuinama. Shingoni karibu nusu ya mzunguko wote inatoka kati ya pingili ya kwanza na ya pili.

Ukitaka kundi zima lione mzunguko safi, mwombe mchezaji wa kiti mwendo aliye na nguvu za kiwiliwili aonyeshe. Hafanyiwi hisani. Fupanyonga lake limetulia, kwa hiyo mwili wake unaonyesha wazi kile ambacho wanaosimama wanakificha bila kujua. Huko Uingereza Celeste Dandeker, mchezaji aliyeumia uti wa mgongo jukwaani mwaka 1973, alianzisha kundi la Candoco pamoja na Adam Benjamin mwaka 1991, na tangu hapo wachezaji wa viti na wa miguu wanafanya kazi moja jukwaani kitaalamu. Nairobi na Dar es Salaam vipaji havikosekani. Kinachokosekana mara nyingi ni mwalimu anayejua wapi pa kuangalia.

Mabega

Isukuti ya Waisukha na Waidakho wa magharibi mwa Kenya, ambayo UNESCO iliiweka mwaka 2014 kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka, ni darasa zima la mabega. Iwashe ngoma, watikise, kisha simamisha.

Kidole kwenye kishimo cha koo, kisogezwe pembeni kidogo hadi kwenye kichwa cha mtulinga. Pandisha bega, lizungushe. Kichwa hicho kinacheza chini ya kidole. Na hapo ndipo mahali pekee ambapo mkono mzima umeungana na kiwiliwili mfupa kwa mfupa. Bapa la bega huku nyuma limeshikiliwa kwenye mbavu na misuli tu, linaelea juu ya mbavu. Wengi hawaamini hadi mwenzao aweke kiganja juu ya bapa hilo, nao wakainua mkono hadi juu. Bapa linateleza na kugeuka. Katika nyuzi 180 za kuinua mkono, karibu 60 ni kazi ya bapa, zilizobaki ni za kiungo cha bega chenyewe. Mcheze umushagiriro wa Rwanda, mikono juu kama pembe za ng'ombe, mara moja mabapa yakiwa yamekazwa chini na mara nyingine yakiachwa yapande. Tofauti itaonekana hadi vidoleni.

Angalizo moja zito. Mtu wa kiti mwendo au wa magongo hutumia mabega yake kutwa nzima kutembea. Kwake bega ndilo goti na ndilo unyayo. Usimwongezee mazoezi ya kubeba uzito kwa mikono mwishoni mwa kipindi, wala usimpe marudio ya mikono juu wakati wengine wanaruka kwa sababu tu huna wazo jingine.

Nyayo na magoti

Mifupa 26 katika kila unyayo. Lowesheni nyayo na kukanyaga saruji kavu: alama itaonyesha upinde wa ndani wa kila mtu, mwingine mrefu, mwingine bapa. Mwenye unyayo bapa asiambiwe ni mbovu; kama hauumi na anaweza kusimama kwa ncha za vidole, hana shida.

Kwa kuruka, tazameni warukaji wa Kimaasai katika adumu. Mwili umenyooka, kisigino karibu hakigusi ardhi kati ya mruko na mruko. Kano ya kisigino ndiyo inayohifadhi nguvu na kuirudisha. Shikeni kano hiyo nyuma ya kifundo, mpande na kushuka kwa ncha za vidole, mhisi inavyokaza. Lakini ruka mara chache: ile ni ngoma ya udongo na majani, na saruji haipunguzi kishindo.

Kutua ndiko kunakohitaji jicho lako. Pia ya goti ielekee usawa wa kidole cha pili cha mguu. Goti likiingia ndani kila mara mchezaji anapotua, usipige kelele "goti nje!", kwa sababu goti lenyewe ni kama halina uamuzi, linafuata nyonga juu na unyayo chini. Rudi kwenye kanga, funga moja juu tu ya magoti ya mchezaji, aisukume nje kidogo anapokunja. Misuli ya pembeni ya nyonga itaamka.

Mwenye mguu bandia akuonyeshe yeye kifundo chake kinafanya nini na hakifanyi nini. Kwake kuhamisha uzito ni sayansi ya kila siku; mpe nafasi aifundishe.

Pumzi

Kanga ifungwe kwenye mbavu za chini, si kifuani. Vuta pumzi hadi kanga ikaze pembeni na nyuma. Kiwambo, ule msuli mpana kati ya kifua na tumbo, umeshuka na kuzisukuma mbavu. Sasa pigeni kigelegele kirefu mhisi kanga ikilegea. Wanaume pia. Aliyeumia uti juu mara nyingi hana nguvu za misuli ya tumbo za kusukuma pumzi, kwa hiyo kigelegele chake kitakuwa kifupi na hapaswi kushindanishwa.

Lugha ya kuelekeza

Kwa viziwi, eleza kwanza, kisha fanyeni. Mtu hawezi kumtazama mkalimani wa lugha ya alama na kufanya zoezi kwa wakati mmoja, wala "fumba macho" haifai kabla hamjakubaliana ishara ya kufumbua, kwa mfano kugongwa bega. Ngoma iwekwe juu ya sakafu ya mbao au watu wakae karibu nayo, mdundo unapita mwilini. Kwa wasioona, acha "hivi" na "huku". Sema "kiganja cha kulia, usawa wa sikio, kiangalie juu". Kwa wenye ulemavu wa akili, mfupa mmoja kwa siku, wimbo mfupi wenye jina lake, mguso ule ule kila mara, na urudie wiki ijayo. Utakuta kundi lote linaimba.

Mpangilio wa wiki

Wiki nane zinatosha kwa mzunguko wa kwanza: nyonga mara mbili, kuinama, uti wa mgongo mara mbili, mabega, nyayo pamoja na goti, pumzi. Chati inatoka kabatini wiki ya tatu, na hapo ifanyeni hivi: chora kwa chaki umbo la mchezaji aliyelala sakafuni, na jingine la aliyekaa kwenye kiti, pembeni dhidi ya ukuta. Gawa maharage. Kila mtu aweke punje pale anapoamini kiungo kipo, ndipo mlinganishe na chati. Angalia zaidi punje za nyonga; zikiwa bado zinawekwa kwenye mkanda, rudi nyuma wiki moja.

Kipindi cha mwisho hakina mtihani wa karatasi. Kila mchezaji anatunga mapigo manane yanayoanzia kwenye kiungo kimoja alichokichagua kimoyomoyo, anayacheza mara mbili, na wenzake wanataja kiungo hicho na mfupa mmoja unaokiunda. Wasioona wanashika ncha ya kanga aliyojifunga mchezaji, au wanaweka kiganja mgongoni mwake akiridhia. Kundi likikosea, mtunzi anacheza tena polepole zaidi hadi wapate.